Mwenzako Hasikii? Mwonyeshe Uso Wako

Ndugu mfanyakazi, umemwita mwenzako mara tatu na hakugeuka. Usiseme ana kiburi. Mtu aliyetoboa mwamba kwa mashini miaka mingi bila vizibo vya masikio hupotewa kwanza na sauti nyembamba: s, f, t. Nao ugonjwa huo hauna dawa. Anasikia kwamba unasema, lakini «pita» na «fika» kwake ni karibu neno moja. Penye vagoni zinazokimbia, hilo ni jambo la mguu au uhai.

Kumpigia makelele hakusaidii, kunapinda midomo tu. Mwendee kwa mbele, akuone. Chini ya udongo taa ya kofia yako inampofusha: itoe, mulika mdomo wako mwenyewe, sema polepole, kisha yeye arudie amri. Saa ya baruti, mwandikie kwa chaki.

Nawe mama, zima redio kwanza ndipo uongee na bwana, wala si ukiwa umeinamia mbabula. Wangapi wamegombana bure kwa jambo hili!

Na wewe kijana unayesikia vizuri: ukilazimika kupaza sauti kwa mtu aliye mita moja, kelele imefika kama desibeli 85. Tia vizibo kabla ya kuwasha mashini.