Sura ya Sita: Sinki Linalonuka

Sinki la nyumbani likinuka, lawama huenda moja kwa moja kwenye shimo la maji machafu lililoko uani. Ndiyo maana fundi bomba hafungi sinki bila trapu, lile bomba lililopinda chini yake ambalo daima hubaki na maji kidogo ya kuziba njia ya harufu. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1775 Alexander Cumming, fundi saa wa London, alipewa hataza ya choo chenye bomba lililopindwa mfano wa herufi S, na mafundi hawajaacha kulitumia mpaka leo.

Sasa inama chini ya sinki la boti ya tanga. Mara nyingi trapu hutaiona. Utakuta mpira mnene unaoshuka mpaka kwenye koki, na koki imefungwa juu ya tundu lililotobolewa chini ya usawa wa maji. Nyuma ya koki hiyo ni bahari. Hakuna shimo, hakuna mtaro, hakuna tangi. Vipi basi sinki linuke mayai viza, na upande wa pili wa bomba kuna maji safi ya bahari?

Ni kwa sababu chomboni harufu haiingii kutoka nje. Inapikwa humo humo ndani ya mpira. Anayelielewa hili hupunguza matumizi ya dawa kwa kiasi kikubwa, na asiyelielewa atamwaga chupa baada ya chupa na wiki ijayo harufu itakuwa imerudi.

Kukosekana kwa trapu si uzembe wa mjenzi. Trapu hutegemea sinki kukaa sawa, na boti ya tanga haikai sawa; ikienda na upepo wa ubavuni hulala nyuzi 20 au zaidi, na mawimbi huitikisa mbele na nyuma. Yale maji machache ya kwenye kona humwagika, mlinzi akawa hayupo. Tena ile kona ni mahali pazuri pa punje za wali kukaa na kuchacha. Na kama ni kuziba harufu za nje, bahari yenyewe imekwisha kuziba, kwa kuwa mdomo wa bomba umezama.

Maji hutafuta usawa wake. Koki ikiwa wazi, bahari hupanda ndani ya mpira mpaka ilingane na maji ya nje, na hapo hutulia. Mita moja ya mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 38, ambao ni wa kawaida kwa sinki la jikoni, hubeba lita moja na ushei. Chombo kikiwa safarini, lita hiyo hubadilishwa kila mara na mawimbi, wala hakuna anayenusa kitu. Kikitia nanga penye utulivu, au kikifungwa kwenye boya kwa wiki kadhaa, maji yale hubaki palepale. Ndani yake mna vijidudu na miani ya baharini iliyoingia na maji, mafuta ya samaki wa jana, mabaki ya sabuni, na ukoko wa sufuria. Viumbe vinavyohitaji oksijeni huimaliza upesi, kisha zamu inakuwa ya bakteria wasioihitaji.

Bakteria hao wanahitaji kitu kingine cha kupumulia badala ya oksijeni, na bahari inawapa tele. Kila lita ya maji ya bahari ina salfeti karibu gramu 2.7. Wanaitumia salfeti hiyo, wanakula uchafu, na wanachotoa ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Aliyewahi kuvuka matope ya mikoko maji yakiwa yamekupwa, akatumbukia hadi kwenye magoti, anaijua gesi hiyo kwa pua. Ni bakteria wa jamii moja, na kazi ni moja. Kwa hiyo boti ya Ziwa Victoria, ambako salfeti ni kidogo mno, ikinuka itanuka uchachu wa mafuta na si mayai viza. Na kwa sababu joto huwaharakisha, boti inayoachwa Kilifi au Msasani, ambako bahari haishuki sana chini ya nyuzi joto 25, huchacha upesi kuliko ile ya bandari za Ulaya kaskazini.

Pua ya binadamu huinasa gesi hii hata ikiwa chini ya sehemu moja kwa milioni moja ya hewa, hivyo uchafu mdogo tu hutosha kukukimbiza jikoni. Lakini usiifanyie mzaha. Ikizidi sana, kama sehemu mia kwa milioni, pua hufa ganzi na mtu hudhani harufu imekwisha. Mpira wa sinki haufikishi kiwango hicho. Tangi la maji ya choo lililofungwa muda mrefu linaweza kufikisha. Unapofungua chombo kilichokaa miezi, fungua madirisha na vifuniko vyote kwanza, toka nje, upepo upite, ndipo ushuke.

Kabla ya kusafisha chochote, hakikisha mkosaji ni sinki kweli. Ndani ya chombo hewa huzunguka kwa njia za ajabu, na gesi hii ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hujikusanya chini na kuibuka mahali usipopatarajia. Jioni, ziba tundu la sinki kwa kizibo chake, juu yake bandika mfuko wa plastiki kwa utepe, na ulale. Asubuhi ukiingia na harufu ipo vilevile, sinki halina kosa. Nenda kwenye ngama, mahali ambapo maji ya kila namna huishia, ya mvua, ya barafu iliyoyeyuka, ya bafu lililovuja. Kama ngama ni kavu na safi, nenda chooni. Kama asubuhi hakuna harufu lakini ukibandua plastiki inakupiga usoni, umempata. Mafundi wana dalili nyingine ya kuangalia: gesi hii huigeuza shaba na fedha kuwa nyeusi. Ncha za nyaya za umeme zilizo chini ya sinki zikiwa zimepata weusi kuliko za mahali pengine, mpira wa karibu una la kujibu.

Kusafisha kwenyewe ni vita dhidi ya mafuta. Ukipasua mpira wa zamani kwa kisu, hasa ule wenye mbavu mbavu kwa ndani, utaona kila kibonde kimejaa tope la kijivu lililoshikana, na juu yake utando mweusi unaoteleza kama kamasi. Bakteria wanaishi chini ya utando huo. Jiki ikimiminwa juu huwaua wa nje, ikapita, na walio ndani wakaendelea na maisha yao. Kwa hiyo anza na kinachoondoa mafuta. Funga koki, jaza mpira maji ya moto yenye sabuni ya vyombo, acha kama nusu saa, fungua, rudia. Nasema ya moto, si yanayochemka. Mpira wa plastiki hulegea kwa maji yanayochemka, na mpira uliolegea huweza kuchomoka kwenye klipu, nawe ujikute na tundu la bahari jikoni. Baada ya hapo pitisha brashi ndefu ya chupa kadiri inavyofika. Brashi hufanya kazi ambayo hakuna dawa inayoiweza.

Mchanganyiko unaosifiwa sana ni wa magadi ya kuumulia na siki. Unapendeza kuutazama ukitoa povu, lakini viwili hivyo huuana vyenyewe, na kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi. Siki peke yake ina faida, kwani huyeyusha ukoga mgumu wa chokaa unaotokana na maji ya bahari. Ila isikutane na jiki. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na chumba cha boti ni kidogo, hakina pa kukimbilia. Kostiki nayo iachie watengeneza sabuni. Huitafuna aluminiamu, na isipozibua utakuwa na mpira uliojaa sumu ya moto ambao lazima uufungue kwa mikono yako, umelala ubavu, chombo kinayumba.

Sinki likiwa limeziba kabisa, kifaa bora ni kile kikombe cha mpira chenye mpini. Acha koki wazi, na kama masinki ni mawili yanayoshiriki bomba moja, ziba la pili kwa kitambaa kilicholowa, la sivyo nguvu yote itatokea huko pamoja na uchafu. Sukuma kwa kiasi. Klipu za chini ya maji ziwe mbili kila upande wa kiungo, na uzikague kabla, si baada.

Beseni la kunawia chooni lina siri yake. Wajenzi wengine huunganisha mpira wa beseni na ule unaoleta maji ya bahari ya kusukumia choo, ili tundu liwe moja. Si wazo baya. Ukifunga koki na kujaza beseni maji ya tangi, pampu ya choo itayavuta hayo. Lakini maji ya bahari yaliyolala katika mpira huo ndiyo yanayotoa ile harufu ya asubuhi unapopampu mara ya kwanza, na watu huisingizia choo au chakula cha jana. Dawa yake imo humo humo katika mfumo: kila usiku, na kila unapoondoka chomboni, vuta maji matamu kupitia beseni mpaka yajae mpira wote. Bafu sitalisemea mengi. Kisanduku chake cha pampu hukusanya nywele na sabuni. Kifungue, kioshe, ukague swichi ya boya.

Kinga ni rahisi kuliko tiba, na huanzia kwenye sahani. Mabaharia wa zamani kwenye majahazi hawakuwa na sinki, waliosha vyombo ubavuni na tatizo hili hawakulijua. Mwenye sinki afute sahani na sufuria kwa karatasi au kipande cha mkate kabla ya kuosha, aweke chujio, na mafuta ya kukaangia ayatie kwenye kopo aende nayo pwani. Mpira nao usilegee na kufanya tumbo katikati, kwa maana kila tumbo ni dimbwi. Hata sinki ambalo tundu lake liko juu ya maji litanuka likiwa na tumbo. Ukate uwe na urefu unaotosha tu, uufunge ubaoni ushuke bila kupanda.

Unapoondoka kwa muda, mwaga lita kadhaa za maji matamu kwa mkupuo koki ikiwa wazi, yasukume yale ya chumvi nje, kisha funga koki. Maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo yatabaki juu, na bakteria watakosa salfeti yao. Kufunga koki kuna faida kubwa kuliko ya harufu: mpira ukipasuka hupo, chombo hakizami. Hata ukiwa safarini, sinki lililo upande unaolala majini laweza kupandisha bahari mpaka jikoni, na koki ndiyo jibu. Izungushe mara kwa mara isigande, na nguruzi ya mti inayoenea tundu lile ining'inie kando yake kwa kamba.

Na kama umefanya yote haya na harufu haiondoki, mpira wenyewe umeshanyonya. Loweka kitambaa safi katika maji ya moto, kikamue, kizungushie mpira kwa nje, ngoja kipoe, kisha ukinuse mbali na sinki. Kikinuka, acha dawa. Funga koki, hakikisha imefunga kweli, toa mpira huo wote, na utie mpya ulio laini kwa ndani.