Kung'oa Nakshi za Gitaa Kwahitaji Subira

Alama zilizopachikwa katika shingo ya gitaa la umeme, aghalabu nafasi za 3, 5, 7, 9 na 12, si pambo tupu, humwongoza mpigaji. Zipasukapo hazina budi kung'olewa, na hapo ndipo pupa huiharibu shingo.

Twawashauri mafundi wetu kwanza wafungue nyuzi zote, na kufunika mti wa kandokando kwa utepe wa karatasi. Kisha waitambue nakshi yenyewe. Ile ya gamba la chaza hustahimili joto la chuma cha kulehemu, nalo hulainisha gundi. Lakini ile ya seluloidi isikaribiwe na joto kamwe, kwani huwaka upesi. Hiyo itobolewe katikati kwa keekee ya mkono, polepole. Unene wake mara nyingi hauzidi milimita 2. Patasi nyembamba iingizwe tunduni na kuinua vipande, isiegemezwe kwenye ukingo wa mti.

Vumbi la chaza hudhuru mapafu. Pua na mdomo vifunikwe.

Tukumbuke kwamba nakshi mpya hupatikana, bali ukingo uliomeguka hubaki na kovu.