Paa Huanza Kung'oka kwenye Msumari

Mkoani Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 na kufanya Bariadi kuwa makao yake makuu, fedha za pamba zimeingia katika nyumba nyingi kwa sura ya bati. Madarasa, zahanati na maghala nayo yameezekwa hivyo hivyo. Sehemu kubwa ya mkoa ni mbuga pana yenye miti michache, na upepo unaotangulia mvua hupita bila kizuizi. Paa likiezuliwa, watu huuliza kwanza bati lilikuwa geji ngapi. Unene una umuhimu wake, lakini paa hushindwa mapema zaidi pale lilipofungwa kwenye papi, yaani mbao zinazobeba bati, na huko ndiko tunakopaswa kutazama kwanza.

Tuanze na hesabu. Bati la geji 30 lina unene wa takriban milimita 0.3, na meta yake moja ya mraba ina uzito wa kama kilo 3. Upepo wa kilomita 108 kwa saa husukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 55 hivi kwa kila meta ya mraba, na kwenye kona za paa mvuto wa kwenda juu unaweza kufika maradufu ya hapo. Uzito wa bati, basi, hausaidii kitu. Kinacholishikilia ni misumari. Papi zikiwa meta moja moja na fundi akapigilia kila mgongo wa tatu wa bati, msumari wa konani hubeba kama kilo 25. Akitaka kuokoa misumari akapigilia kila mgongo wa sita, mmoja hubeba kilo 50.

Mzigo huo hukusanyika kuzunguka kichwa cha msumari. Mwaka 1850 Mjerumani Gustav Kirchhoff aliweka msingi wa hesabu ya mabamba membamba, ambamo mzigo ukiongezeka maradufu, kupinda nako huongezeka maradufu. Hesabu hiyo hufaa bamba likipinda kidogo tu kuliko unene wake. Kwa bati la milimita 0.3, mpaka huo huvukwa upesi: mgongo hubonyea chini ya kichwa cha msumari, na chuma huanza kuvutika pamoja na kupinda. Theodore von Kármán aliandika milinganyo ya hali hiyo mwaka 1910, na leo kompyuta huitatua kwa kuligawa bati katika vipande vidogo vidogo. Upepo nao huja kwa vishindo, kila kishindo kikikunja chuma pale pale hadi kipasuke. Ndivyo ilivyotokea Darwin, Australia, Kimbunga Tracy kilipopiga tarehe 25 Desemba 1974: wachunguzi walikuta mabati yamechanika kuzunguka misumari, na baadaye nchi hiyo ikataka mabati na vifungio vyake vipimwe kwa mizigo ya kurudiarudia.

Wapo watakaosema dawa ni kununua geji 28. Bati hilo ni bora, ila linaongeza chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Misumari ikibaki michache, bati lisipochanika, msumari utachomoka kwenye papi. Wengine watasema milinganyo ya von Kármán haina nafasi katika shule inayojengwa kwa nguvu za wananchi. Ni kweli fundi hana haja ya kuitatua. Wahandisi wa vyuo vyetu wanaweza kuifanya hesabu hiyo mara moja, wakaithibitisha kwa majaribio, kisha wakampa jedwali la ukurasa mmoja: umbali wa papi, na idadi ya misumari katikati, ukingoni na konani. Na anayesema upepo ni kazi ya Mungu amesema kweli, lakini nafasi kati ya msumari na msumari ni uamuzi wetu. Kila halmashauri ya Simiyu iandike idadi hiyo kwenye michoro ya darasa, na mhandisi wake apande juu kuihesabu kabla ya kuidhinisha malipo. Gharama ni misumari ya ziada na saa chache za kazi, nayo ni ndogo mno kulinganisha na kuezeka darasa mara ya pili.