Mzazi, Umemsikiliza Mtoto Wako Akisoma?

Atokaye mjini Thika na kushika njia ya Garissa hupita kwanza kati ya mashamba makubwa ya mananasi. Baadaye nchi huteremka na kuwa kavu, mlima wa Kilimambogo huonekana kwa karibu, na msafiri hujua ya kuwa amefika pande za Ngoliba. Mvua ya huko ni haba, na mkulima apandaye mahindi hana hakika ya kuyavuna. Si ajabu basi mzazi wa Ngoliba akiiona shule kuwa shamba lake la pili, ambalo mavuno yake hayategemei mawingu.

Lakini shamba lisilotembelewa na mwenyewe huota magugu. Je, ni nani mwenyewe wa shule? Wako wasemao kwamba ni Serikali, na wengine husema ni walimu. Makala haya yataka kuonyesha ya kuwa mzazi naye ni mwenyewe, na ya kuwa kazi yake haikomi katika kununua sare na madaftari.

MFANO WA GITHUNGURI

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Katika kaunti hii hii ya Kiambu, huko Githunguri, Mbiyu Koinange alifungua chuo cha kufundishia walimu mwaka 1939, baada ya kurudi kutoka masomoni ng'ambo. Chuo hicho kilikuwa cha kuzipatia walimu shule za Wakikuyu zilizojitenga na misheni. Fedha zake zilitoka mifukoni mwa watu wenyewe. Marika yalishindana katika kuchanga, kila rika likitaka kulipita jingine, na wanawake nao wakachangia bweni la wasichana. Serikali ya kikoloni ilikifunga chuo hicho mwaka 1952, wakati wa Hali ya Hatari, lakini somo lake halikufungwa. Watu waliochanga senti zao walikwenda kuyatazama majengo yakiinuka, kwa maana waliyahesabu kuwa yao.

Moyo huo ndio uliozijenga shule nyingi za Harambee baada ya mwaka 1963.

MZAZI ALIPORUDI NYUMA

Januari 2003 Serikali iliondoa karo katika shule za msingi za umma. Idadi ya wanafunzi katika Kenya nzima ilipanda kutoka kama milioni 5.9 hadi kama milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Lilikuwa jambo jema sana, kwa kuwa watoto wa maskini waliokuwa wakichunga mbuzi walipata kushika kalamu. Hata hivyo, pamoja na neema hiyo liliingia kosa moja. Wazazi wengine walidhani ya kuwa, kwa vile hawalipi tena, hawana tena neno la kusema. Wakawaacha walimu peke yao mbele ya madarasa yaliyofurika.

Matokeo yake yalionekana. Mwaka 2009 ulianzishwa uchunguzi uitwao Uwezo, uliofanywa katika Kenya, Uganda na Tanzania. Wachunguzi walikwenda nyumba kwa nyumba, wakampa mtoto hadithi fupi na hesabu nyepesi za kiwango cha Darasa la Pili. Taarifa ya Kenya ya mwaka 2011 ilionyesha ya kuwa, katika kila watoto 10 wa Darasa la Tatu, ni kama 3 tu walioweza kazi ya Darasa la Pili. Hao wengine walikuwa na sare, na majina yao yaliitwa kila asubuhi. Walikuwa shuleni, lakini elimu haikuwa imewafikia.

VITI SITA

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imempa mzazi mahali pake. Katika bodi ya usimamizi wa shule kuna viti 6 vya wajumbe waliochaguliwa kwa niaba ya wazazi. Hakuna kundi jingine lenye viti vingi kama hivyo. Tena kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa Chama cha Wazazi, na kila darasa huwa na mjumbe wake katika kamati ya chama hicho. Kamati hiyo huangalia afya na chakula cha watoto, uhusiano mwema na walimu, na njia za kupata fedha za majengo.

Haki hiyo haina faida ikiwa siku ya mkutano viti ni vitupu. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Karani ajuaye hesabu na aende akawasaidie wenzake kuisoma taarifa ya fedha, na aulize kwa adabu pasipoeleweka. Mkulima asiye na fedha aweza kuuliza kama shule itapokea debe la maharagwe au mzigo wa kuni kwa chakula cha mchana, kwa maana mtoto mwenye njaa hasikii lo lote.

MTIHANI WA NYUMBANI

Liko jambo moja lisilohitaji fedha wala mkutano. Jioni, kazi zikiisha, mwite mtoto wako aje na kitabu chake, umwambie, "Nisomee ukurasa mmoja." Msikilize mpaka mwisho. Kisha umwulize, kwa lugha ya nyumbani, hadithi yasema nini. Hata mama asiyejua kusoma atatambua kama mtoto asoma bila kusita au akwama kila neno, na kama aelewa au aimba tu.

Akikwama, usimpige wala usimdhihaki. Nenda ukamwone mwalimu wake mapema, mshauriane kama watu wawili wenye mtoto mmoja. Mwalimu atafurahi, maana wazazi wengi humjia siku ya ugomvi tu.

Mkono mmoja haulei mwana. Watu wa Githunguri walitoa senti zao wakati ambapo senti ilikuwa ngumu kupatikana. Sisi twaombwa robo saa ya jioni na siku chache za mkutano katika mwaka. Tukizinyima, mtoto ndiye atakayelipa deni hilo, na atalilipa maisha yake yote.