Donge la Povu kwa Miguu Iliyochoka

Askari akisharudi kutoka zamu ya usiku, au kutoka gwaride la asubuhi lililopitiliza hadi adhuhuri, jambo la kwanza alitakalo baada ya chakula ni kuvua viatu. Viatu vya kazi vimeshonwa kwa ajili ya kazi, wala si kwa ajili ya starehe ya vidole. Polisi asimamaye njia panda tangu alfajiri anaijua habari hii vilevile, na mkewe aliyekwenda sokoni na kurudi kwa miguu anaijua zaidi ya wote wawili, ijapokuwa hakuna amwulizaye.

Wiki hii, ndugu wasomaji, ukurasa wetu unaeleza namna ya kutengeneza nyumbani kitu kidogo cha kutia ndani ya karai la maji ya uvuguvugu: donge gumu jeupe ambalo likigusana na maji huchemka bila moto, hutoa povu na harufu nzuri, kisha hutoweka. Katika maduka ya urembo ya miji mikubwa madonge kama haya huuzwa yamefungwa karatasi za rangi, kwa bei isiyolingana hata kidogo na vitu vilivyomo ndani yake. Mama mwenye nyumba anaweza kuyatengeneza kwa bakuli moja na kijiko kimoja.

Asili yake ni Uingereza. Mnamo mwaka 1989 bibi mmoja mtengenezaji wa vipodozi, Mo Constantine, alikuwa akifanya majaribio katika kibanda cha bustani nyumbani kwake, jimbo la Dorset. Aliipata fikira hiyo kutoka kwa kidonge cha Alka-Seltzer, dawa ya tumbo ya Kimarekani iliyouzwa tangu mwaka 1931, ambayo hutumbukizwa katika bilauri ya maji ikatoa mapovu. Bibi huyo alijiuliza: ikiwa kidonge kinaweza kuichangamsha bilauri, kwa nini donge lisiyachangamshe maji ya kuogea? Mwaka 1995 yeye na mumewe, pamoja na wenzao, walianzisha kampuni ya Lush katika mji wa Poole, na kutoka hapo madonge yakaenea duniani. Waingereza waliyaita mabomu ya kuogea. Katika nyumba za kambini tunashauri jina hilo liachwe huko huko lilikotoka. Mtoto apigaye mbio uwanjani akitangaza kwamba mama anakausha mabomu dirishani ataleta wageni wasioalikwa, na kifurushi chenye neno hilo juu yake hakitafika salama kwa baba aliyeko kazini ng'ambo. Sisi tutasema donge la povu.

Kazi yote hufanywa na vitu viwili. Cha kwanza ni magadi laini ya kuokea, yale meupe kama unga wa ngano ambayo hutiwa katika keki na mandazi, na ambayo pakiti yake huandikwa baikaboneti ya soda. Cha pili ni ndimu ya unga, yaani asidi ya sitriki iliyokaushwa ikawa chembechembe kama sukari. Asidi hiyo ilitengwa kwa mara ya kwanza kutoka katika maji ya malimau mwaka 1784 na mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele. Kwa muda mrefu ilitegemea mavuno ya malimau tu. Mwaka 1917 mtaalamu James Currie alionyesha kwamba ukungu mweusi uitwao Aspergillus niger unaweza kuitengeneza kutokana na sukari, na tangu hapo bei yake ikashuka. Hii ndiyo sababu unga unaouzwa leo madukani huenda haujapata kuona limau hata moja.

Vitu hivi viwili vikikaa pamoja hali ni vikavu, havifanyi lolote. Vinalala kama majirani wasiosalimiana. Maji yakiingia kati, asidi huyashambulia magadi, hewa ya ukaa ikatoka kwa kasi, na katika maji hubaki chumvi moja laini isiyodhuru ngozi. Donge la gramu 40, lenye vipimo tutakavyovitaja, hutoa hewa yapata lita 4. Hewa hiyo si ya kuogopwa katika chumba chenye dirisha. Inakuwa na ubaya pale tu inapofungiwa, jambo ambalo tutalirudia.

Kabla ya vipimo, hapana budi tuseme jambo moja kwa mkazo, kwa sababu ndipo hatari ilipo. Magadi ya kuokea si yale magadi ya mawe yanayouzwa sokoni kwa mabonge ya kijivu, ambayo akina mama huyatumia kulainisha maharage. Yale ni magadi ghafi ya ziwani, kama yanavyochimbwa Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911. Chembe kidogo katika sufuria ya maharage ni jambo jingine. Kijiko kizima juu ya ngozi ya mguu iliyochubuliwa na kiatu ni jambo jingine kabisa. Magadi ghafi yana ukali mkubwa zaidi, huikausha ngozi na kuichoma. Tena hudanganya, maana nayo yakikutana na ndimu hutoa povu vilevile. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba povu ni ushahidi wa kuwa amenunua kitu sahihi. Isome pakiti. Magadi yasiyo na pakiti wala jina, yaache kwa muuzaji.

Hamira ya unga ya kuokea keki nayo haifai. Ndani yake tayari mna asidi na wanga vilivyochanganywa kwa kipimo cha keki, na donge lake hutoa povu dhaifu la kuhuzunisha.

Sasa vipimo. Chukua magadi ya kuokea gramu 200 na ndimu ya unga gramu 100. Asiye na mizani atumie kikombe kimoja kile kile: vikombe viwili vya magadi kwa kimoja cha ndimu. Uwiano huu una maana yake. Gramu 100 za ndimu zinahitaji yapata gramu 130 za magadi ili zimalizike, hivyo magadi kidogo hubaki katika maji na kuyafanya laini, na asidi haibaki. Anayepunguza magadi ili apate povu kali zaidi atapata maji yanayowasha. Ongeza gramu 50 za wanga mweupe wa mahindi au wa muhogo, uliochekechwa. Wanga hulishikiza donge na kulipunguzia haraka. Wazungu hutia pia chumvi ya haluli. Katika nchi zetu zenye unyevu ni afadhali kuiacha, kwa kuwa chumvi hiyo hubeba maji ndani yake na hulilegeza donge.

Kisha mafuta, vijiko viwili vidogo tu. Mafuta ya nazi yanafaa, lakini hapa Uganda tunacho kilicho bora: mafuta ya mshea wa kaskazini, ambayo Waacholi na Walango huyaita moo yaa. Mshea wa upande wetu wa Afrika mafuta yake ni laini kuliko ya mshea wa Afrika Magharibi, hivyo huyeyuka upesi katika maji ya uvuguvugu na kuacha utando mwembamba juu ya kisigino kilichopasuka. Yayeyushe kwa kukiweka kikombe chake ndani ya maji moto, yaache yapoe kidogo, kisha uyafikiche katika unga kwa ncha za vidole mpaka mabuje yaishe. Apendaye harufu atie matone machache ya mafuta ya mchaichai. Matone machache, tumesema. Mafuta ya harufu yakizidi huwasha ngozi, na harufu ya kupita kiasi haipendezi popote. Rangi si lazima. Ikitakiwa, iwe ile ya kupaka keki, wala isiwe ya nguo.

Mwenye vidonda mikononi avae mipira, au amwachie mwingine kazi hii, kwa maana ndimu ya unga huuma mno penye mkwaruzo. Vumbi lake pia lisipulizwe machoni mwa mtoto anayechungulia bakuli.

Sehemu inayowashinda wengi ni maji. Unga lazima ulowe kidogo ili ushikane, lakini maji ndiyo yanayouamsha. Kwa hiyo usimimine. Tumia chupa ya kunyunyizia, ile ya kupigia nguo pasi, unyunyize mara moja huku mkono wa pili ukikoroga upesi, kisha mara ya pili, kisha utazame. Ukisikia unga unalia na kuuona unafura, umezidisha. Unga ulio tayari hufanana na mchanga mbichi ambao watoto hujengea nyumba: ukiufumbata hushikana, ukiuachia hausambaratiki. Aghalabu nusu kijiko kidogo cha maji hutosha kwa bakuli lote. Wenye kutumia spirti ya kusafishia vidonda badala ya maji hupata kazi rahisi zaidi, kwani spirti hailiamshi povu na hukauka upesi. Ila isitumiwe karibu na jiko la mkaa wala taa ya moto.

Shindilia unga katika kikombe kidogo cha kahawa, katika kifuniko cha chupa pana, au katika vijiko viwili vya mchuzi vinavyobanwa pamoja. Shindilia kwa nguvu za kweli. Donge lililobanwa vizuri huchukua dakika moja au mbili kuyeyuka. Lililolegea hupasuka mara moja na kuisha kabla mwenye miguu hajaketi. Lipindue juu ya kitambaa kikavu, lisiguswe kwa siku nzima. Vipimo tulivyotoa hutoa madonge manane au tisa ya gramu 40.

Mvua ndiyo adui. Katika miezi ya masika, na hasa kwa wanaokaa kandokando ya Ziwa Victoria, hewa yenyewe huwa na maji ya kutosha kuliamsha donge polepole, likaota vipele na kuvimba kama andazi. Fanya kazi hii mchana wa jua, mbali na jiko lenye sufuria inayofuka. Donge likisha kukauka kabisa liwekwe katika mkebe wenye kifuniko, na chini yake kitambaa kilichofungwa mchele mkavu. Lakini lisifungiwe hali lingali bichi. Hewa ya ukaa hukusanyika ndani, na kifuniko kinaweza kuruka usiku na kuiamsha nyumba nzima, jambo ambalo katika nyumba ya askari halipokelewi kwa kicheko.

Kwa mtumiaji, maji ya uvuguvugu yanayofunika vifundo vya miguu yanatosha. Tia donge, subiri povu lipungue, kisha tumbukiza miguu kwa dakika kumi. Zaidi ya hapo ngozi hulowa na kuwa laini mno, na ngozi laini ndani ya kiatu kigumu ndiyo mama wa malengelenge. Suuza kwa maji safi, ukaushe miguu, na kati ya kila kidole na kidole upitishe taulo kavu. Hapa ndipo faida yenyewe ilipo. Katika vita vya 1914 hadi 1918 majeshi ya Ulaya yalipoteza maelfu ya askari, si kwa risasi, bali kwa miguu iliyooza ndani ya viatu vilivyolowa mahandakini. Maofisa wa Kiingereza wakaamuru miguu ikaguliwe, ikaushwe, na soksi zibadilishwe. Donge letu halifiki huko. Haliui ukungu wa vidoleni, halitoi funza, wala halivuti sumu yoyote mwilini kama wanavyodai baadhi ya wauzaji. Maji ya uvuguvugu, kuketi kitako, na taulo kavu ndivyo vinavyofanya kazi. Povu na harufu ni heshima tunayompa aliyechoka.

Mwenye kidonda kilicho wazi, mwenye vidole vinavyotoa maji au kunuka, aende zahanati. Mwenye ugonjwa wa sukari asiloweke miguu kabisa pasipo kumwuliza mganga, kwa sababu miguu yake huenda isiyasikie maji yanayounguza. Watoto wachanga na wenye ngozi ya upele waachwe. Nao akina mama wasiyatumie maji hayo kwa kuketi ndani yake muda mrefu, maana yanaweza kuwasha sehemu za siri.

Asiyepata ndimu ya unga asikate tamaa. Maji ya limau bichi hayawezi kutengeneza donge, kwa kuwa yataamsha povu bakulini hapo hapo. Lakini karai lenye kijiko kikubwa kimoja cha magadi ya kuokea, likakamuliwa malimau mawili miguu ikiwa karibu, hutoa povu lake dogo na harufu iliyo bora kuliko ya dukani.

Tumepata kuulizwa na baadhi ya wake wa askari kama madonge haya yanaweza kuuzwa. Yanaweza, na gharama yake hupungua sana magadi na ndimu vikinunuliwa kwa kilo badala ya pakiti ndogo. Anayekusudia biashara ya kweli aende kwanza katika ofisi za Shirika la Viwango la Uganda aulize masharti ya vipodozi. Juu ya kila karatasi aandike vyote alivyotia, siku aliyotengeneza, na maneno kwamba si cha kuliwa. Kwa maana donge jeupe lenye harufu ya limau, mbele ya macho ya mtoto wa miaka mitatu, ni peremende.