Faida ya Kijipicha cha Tovuti, na Mpaka Wake

Wazee wetu wa Nachingwea na Ruangwa wanaoukumbuka uchaguzi wa wabunge wa mwaka 1965 hawatashangazwa na habari hii. Katika uchaguzi ule, palipokuwa na wagombea wawili, mmoja alipewa alama ya jembe na mwenziwe alama ya nyumba. Asiyejua kusoma hata herufi moja aliweza kumtambua mtu wake kwa jicho tu.

Leo kazi kama hiyo yafanywa na vijipicha vya kivinjari, yaani chombo kinachofungulia kurasa za intaneti. Mtazame kijana aliyemaliza kidato cha sita, ameketi katika duka la steshenari, anaomba mkopo wa masomo. Amefungua ukurasa wa Bodi ya Mikopo, wa RITA kwa uhakiki wa cheti cha kuzaliwa, wa Baraza la Mitihani, wa vyuo viwili, na barua-pepe yake. Kila ukurasa una kichupo chake juu ya kioo. Vichupo vikizidi husongamana hata majina yakapotea, kikabaki kijipicha peke yake. Lau si hicho, angelazimika kufungua kimoja kimoja, na huku nyuma yake watu wangoja zamu.

Vijipicha hivi vilianza mwaka 1999, katika kivinjari cha Internet Explorer 5 cha Microsoft. Upana nukta 16, urefu nukta 16, basi. Kwa hiyo umbo moja jepesi hufaa zaidi. Nembo ya taifa, pamoja na ngao, pembe na watu wake wawili, ikibanwa humo huwa kama doa. Nayo hutumiwa na ofisi nyingi, hata vichupo viwili vikafanana kama mapacha.

Lakini wazazi na vijana yawapasa kujua kwamba kijipicha husaidia kutafuta tu, hakithibitishi ukweli. Jembe la mwaka 1965 mgombea hakujichagulia. Kijipicha hujiwekea mwenye tovuti, na mwizi aweza kunakili cha benki yako. Wako waliokuwa wakiweka picha ya kufuli, ionekane kando ya anwani kama dalili ya usalama, na mwaka 2012 Firefox ikakiondoa kijipicha mahali pale, kikabaki kichuponi. Basi kabla ya kuandika neno la siri, soma anwani yenyewe. Jina la tovuti ya ofisi ya serikali ya Tanzania huishia kwa .go.tz, herufi hizo zikikaa katikati ya jina, zikafuatiwa na nukta na herufi nyingine, ufunge ukurasa huo.