Je, Wajua? Kila Kinachoigusa Nepi Humfikia Mtoto

Dondosha tone la maji juu ya kitambaa cha marekani ambacho hakijafuliwa hata mara moja, kisha litazame. Litakaa pale juu bila kuingia. Je, wajua kwa nini? Unyuzi wa pamba hutoka shambani ukiwa umefunikwa na nta nyembamba ya asili inayoukinga na maji, na katika kitambaa kisichopaushwa nta hiyo bado imo hata baada ya pamba kusokotwa na kufumwa. Pamba ya hospitali hunyonya damu kwa sababu kiwandani ilichemshwa kwanza katika maji ya magadi makali hadi nta ikatoka. Khanga mpya ina kizuizi kingine, yaani ule wanga unaoifanya iwe kavu na ngumu ukiishika dukani.

Basi mama aliyemaliza kushona nepi jioni, akamfunga mtoto moja asubuhi, akaona mkojo umechuruzika hadi kwenye shuka, asiulaumu mshono wake. Nepi mpya zinataka kufuliwa mara nne au tano kwa maji ya moto na sabuni, na kukaushwa kila mara, ndipo zianze kazi. Kina bibi waliokuwa wakichana khanga kuukuu kumwandalia mjukuu walikuwa wakichagua kitambaa bora kuliko kilichokuwa dukani. Khanga iliyofuliwa kwa miaka haina tena wanga, nyuzi zake zimelegea, na inakunywa maji papo hapo.

Kizuizi cha maji huweza kurudi kwa mlango mwingine. Dawa ya kulainisha nguo huacha utando wa mafuta juu ya nyuzi, na utando huo huyazuia maji. Mafuta ya mgando tunayompaka mtoto makalioni hufanya vivyo hivyo. Ukiona nepi iliyokuwa nzuri imeanza kuvuja baada ya miezi, usikimbilie kushona nyingine. Ifue kwa maji moto na sabuni, isuuze mpaka maji yawe meupe, uitazame tena. Na kama mtoto lazima apakwe mafuta, tandika kipande chembamba cha kitambaa kati ya ngozi na nepi, kipande ambacho kitafuliwa peke yake.

Je, wajua kwamba uzi nao unaweza kuvujisha nepi? Nepi za kufua za siku hizi zina ganda la nje la poliesta iliyobandikwa utando mwembamba wa poliyurethani, ambao maji hayapiti. Ukiushona kwa uzi wa pamba, uzi utanyonya mkojo kutoka ndani na kuupeleka nje kupitia matundu yale yale ya sindano. Tumia uzi wa poliesta. Kumbuka pia kwamba tundu la sindano katika utando huo halizibi, kwa hiyo pini za kushikilia zichomwe pembeni tu, sehemu itakayobaki nje ya mshono, na mshono uliokosewa katikati ya ganda hauna dawa. Kwa upande wa ndani, tabaka nyingi nyembamba hukauka upesi kuliko tabaka moja nene, hata zikiwa na uzito sawa. Mafundi wengi hushona kipande cha kunyonyea kwa ncha moja tu, kikabaki kama ulimi. Mtoto akiivaa, ulimi unakunjwa ndani. Kwenye kamba unaning'inia wazi na upepo unaupita pande zote. Wasio na cherehani wala ganda wana nepi ya taulo ya mraba, sentimita 60 kwa 60, iliyopindwa kingo tu. Ukiikunjua ni kitambaa kimoja, nayo hukauka upesi.

Ganda hilo lina historia yake. Mwaka 1946 mama mmoja Mmarekani, Marion Donovan, alichoka kubadilisha shuka, akakata pazia la bafuni na kulishona likawa kifuniko cha nepi. Baadaye akatumia nailoni ya miavuli ya askari wa anga, na mahali pa pini akaweka vifungo vya kubonyeza. Watengenezaji walimkatalia, lakini mwaka 1949 duka la Saks Fifth Avenue la New York lilianza kukiuza. Mwaka 1951 alipata hataza na kuuza haki zake kwa dola milioni 1. Mmarekani mwenzake Walter Hunt, aliyebuni pini ya usalama mwaka 1849, aliiuza hataza yake kwa dola 400 tu, ingawa pini hiyo ilikuja kufunga nepi za dunia nzima. Pampers za kutupa zilijaribiwa sokoni mara ya kwanza mwaka 1961 katika mji wa Peoria, jimbo la Illinois.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa kila nyumba yenye mtoto mchanga ilijue. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, ina joto na unyevu, na nepi imebanwa juu yake usiku na mchana. Chochote kilichobaki ndani ya kitambaa kina nafasi ya kupenya hadi kwenye damu. Mwaka 1886 daktari Mwingereza, Rayner, aliandika habari za watoto wachanga waliogeuka rangi ya samawati katika wodi ya wazazi. Hawakuwa na ugonjwa wa moyo wala wa mapafu. Nepi zao zilikuwa zimepigwa mhuri wa taasisi kwa wino wenye anilini, na wino huo ulipenya kwenye ngozi ukaizuia damu kubeba oksijeni. Mwaka 1967, katika mji wa St. Louis huko Marekani, watoto wachanga wa chumba kimoja cha kulelea walianza kutoka jasho jingi na kuhema kwa shida, na wawili wakafariki. Chanzo kilipatikana kwenye chumba cha kufulia, ambako dawa ya kuua ukungu yenye pentaklorofenoli ilikuwa imetumika katika kufua nepi na nguo zao.

La tatu liko karibu nasi zaidi. Kuna vile vidonge vyeupe vya nafthalini vinavyowekwa sandukuni kufukuza nondo na mende. Mama huhifadhi nepi na vishali vya mtoto wa kwanza, akavitupia vidonge viwili vitatu, na miaka mitatu baadaye anavitoa na kumvika mdogo wake siku ile ile anapozaliwa. Mwaka 1963 madaktari wa Ugiriki walitoa taarifa ya watoto wachanga 21 ambao chembe nyekundu za damu yao zilivunjika ghafla baada ya kukaa karibu na nguo na mablanketi yaliyohifadhiwa kwa nafthalini. Wengi wao walikuwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Upungufu huo huonekana zaidi mahali ambapo malaria imekaa kwa karne nyingi, na hapo pana pwani yetu, maeneo ya ziwa, na nchi za Uarabuni. Mtoto mwenye upungufu huo kwa kawaida haonyeshi dalili yoyote mpaka afikiwe na kitu cha namna hii. Damu ikishavunjika, manjano hupanda upesi na yanaweza kuudhuru ubongo. Kwa hiyo nguo za mtoto zisiwekewe vidonge kabisa. Zioshe, zikaushe hadi ndani ya mishono, zifunge kwenye mfuko mkavu. Kama zilikwisha kuwekewa, usitegemee kuzianika juani tu. Zifue na kuzisuuza mara kadhaa hadi harufu iishe, na ikigoma kuisha, mtafutie mtoto nyingine.

Je, wajua kwa nini bibi alisisitiza nepi ipigwe pasi pande zote mbili? Wengine hudhani ni unadhifu. Barani Afrika kusini mwa Sahara kuna inzi mwenye rangi ya manjano-kahawia, jina lake la kisayansi Cordylobia anthropophaga, ambaye hutaga mayai kwenye mchanga uliolowa mkojo na kwenye nguo mbichi, hasa kivulini. Jua kali halipendi. Mayai huanguliwa kwa siku moja hadi tatu, na funza wadogo wasioonekana kwa urahisi hukaa kwenye kitambaa wakingoja ngozi yenye joto. Mtoto akivishwa, huingia bila kumuuma. Baada ya siku chache linatokea jipu lenye tundu dogo katikati, na ndani yake funza hukua kwa siku 8 hadi 12. Nepi ni mahali pazuri mno kwa inzi huyo kwa sababu ina harufu ya mkojo hata ikiwa imefuliwa vibaya kidogo tu.

Kinga ni zile zile za bibi. Nepi ianikwe juu kwenye kamba, juani. Isitandazwe kwenye majani, kwenye ua wala chini ya mwembe. Ikikauka kabisa, pasi ya moto ipite mbele na nyuma, na ikae zaidi kwenye mishono, maana ndiko unyevu unakojificha. Tatizo ni ganda la poliyurethani, ambalo pasi ya moto italiharibu. Hilo likaushwe ndani ya nyumba, kwenye chumba chenye nyavu madirishani. Msimu wa masika, nguo zinaposhinda kutwa nzima bila kukauka, ndipo pasi inapohitajika zaidi, nami naona ni afadhali mtoto akose shati lililonyooshwa kuliko makaa yaishe kabla ya nepi.

Jua lenyewe hufanya kazi nyingine inayonifurahisha kila ninapoiona. Kinyesi cha mtoto anayenyonya huacha doa la manjano ambalo sabuni hulishindwa, lakini nepi ikianikwa ingali mbichi, mchana mmoja tu, doa hufifia hadi kutoweka. Manjano hayo yana bilirubini, rangi ileile inayowafanya watoto wachanga wawe na macho ya njano, na bilirubini huvunjwa na mwanga. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto nje wapate jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepungua manjano kila mahali isipokuwa sehemu iliyokuwa imefunikwa na pembe ya shuka. Kutokana na tukio hilo madaktari wa hapo walitengeneza taa za kwanza za kutibu manjano, wakatangaza matokeo mwaka 1958. Tahadhari ni moja: mtoto mwenye manjano apelekwe hospitali, asianikwe kama nepi.

Upele wa nepi nao una chanzo kinachofahamika. Mwaka 1921 daktari wa watoto Jean V. Cooke, wa St. Louis, alionyesha kwamba kuna bakteria wanaogeuza urea ya mkojo kuwa amonia, ile harufu inayochoma pua ukifungua ndoo asubuhi. Utafiti wa baadaye uliongeza kwamba amonia huamsha vimeng'enya vilivyomo kwenye kinyesi, navyo ndivyo vinavyoila ngozi. Mkojo na kinyesi vikikaa pamoja ni vibaya kuliko kimoja peke yake. Nepi yenye kinyesi isingoje. Na kinyesi hicho kitupwe chooni kama cha mtu mzima, maana dhana kwamba cha mtoto hakina madhara imewaharisha watoto wengi. Ukitumia dawa ya madoa yenye klorini, suuza kwanza mkojo wote utoke, kwa kuwa klorini ikikutana na amonia hutoa hewa yenye sumu. Dawa hiyo pia hula lastiki.

Wanaouliza kama nepi za kufua ni bora kwa mazingira watapata jibu lisilotegemea nepi peke yake. Uchunguzi wa serikali ya Uingereza wa mwaka 2008 ulikadiria kwamba mtoto wa nepi za kutupa husababisha kilo 550 za hewa ya ukaa katika miaka miwili na nusu, na wa nepi za kufua kilo 570. Ajabu hiyo ilitokana na mashine za umeme za kufulia na kukaushia. Aliyeanika kwenye kamba, akajaza mashine vizuri na kumrithisha mtoto wa pili alipunguza kilo zipatazo 200. Uchunguzi mpya wa mwaka 2023 uliona kwamba mchango wa nepi za kufua katika kuongeza joto la dunia ni pungufu kwa asilimia 25. Kwetu beseni na kamba ndiyo desturi, ila maji ya kuchota mbali ni gharama ambayo hesabu za Uingereza hazikuwa nayo.

Mpaka hapa nimesema juu ya vinavyotoka kwenye nepi kwenda kwa mtoto. Vinavyotoka kwa mtoto kuja kwenye nepi navyo vina habari. Kuanzia siku ya tano hivi, mtoto anayenyonya vya kutosha hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku, na kwa nepi ya kitambaa mama huhesabu bila shida kwa sababu kila mkojo hujulikana. Doa la rangi ya tofali katika siku mbili za kwanza ni chembechembe za yurati na kwa kawaida halina neno. Likiendelea baada ya hapo, huenda maziwa hayamtoshi.

Rangi ya kuogopwa ni nyeupe. Kinyesi chenye rangi ya chaki au udongo mweupe maana yake huenda nyongo haifiki tumboni kwa sababu mirija yake imeziba, na upasuaji wa kuipa nyongo njia hufanikiwa zaidi ukifanywa kabla mtoto hajatimiza siku 60. Taiwan, tangu mwaka 2004, huwapa wazazi wote kadi yenye picha za rangi ili walinganishe na nepi nyumbani. Asiye na kadi atazame nepi kwenye mwanga wa mchana, kwa kuwa taa ya chumbani hudanganya. Akiona weupe huo, aende hospitali siku hiyo hiyo na nepi yenyewe mkononi, isifuliwe kwanza.